Nuru Ilionekana, Chombo Kiliongezwa

Usiku wa tarehe 3 Machi 1968, watu wengi katika majimbo ya kati na ya mashariki ya Marekani walitazama juu wakaona mianga ikipita kwa msafara, kimya, ikikata mbingu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Siku zilizofuata taarifa zikamiminika kwa jeshi la anga. Huko Tennessee, watu watatu wenye elimu na heshima zao walieleza chombo kirefu, kinene kama sigara, ukubwa wake kama kiwiliwili cha ndege kubwa au zaidi, chenye safu ya madirisha ya mraba yaliyowaka kwa ndani, na ubavu wa mabati yaliyoungwa kwa ribiti. Katika jimbo la Indiana, kundi jingine lilieleza chombo cha namna hiyohiyo, chenye madirisha vilevile, kikipita karibu na vilele vya miti. Huko Ohio mwalimu mmoja alichukua darubini ya mkono, akatazama, akaona visahani vitatu vilivyofunikwa kichwa chini. Mbwa aliyekuwa naye, alisema, alijikunyata kwa hofu. Hakuna sababu yoyote ya kudhani kwamba hata mmoja wa watu hawa alidanganya.

Kilichopita juu yao kinajulikana. Siku moja kabla, Wasovieti walikuwa wamerusha chombo chao cha Zond 4, na mabaki ya roketi ya safari hiyo yalikuwa yakirudi duniani. Yalipoingia kwenye angahewa yalipasuka vipande vipande, na kila kipande kikawaka moto kwa joto la kuigonga hewa kwa kasi kubwa, makumi ya kilomita juu ya ardhi. Hapakuwa na madirisha, ubavu wala ribiti. Vilikuwa vipande vya chuma vinavyoungua, kila kimoja peke yake, vikifuatana njia moja kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Ndiyo maana tukio hili lina thamani kubwa kwa mtu yeyote anayetaka kuelewa habari za mianga isiyojulikana angani. Kwa kawaida tunaletewa ushahidi wa aliyeona, lakini kile alichokiona hatunacho. Hapa tuna vyote viwili, na tunaweza kuviweka bega kwa bega.

Tukiviweka hivyo, tunaona kwamba makosa hayakutawanyika ovyo. Mashahidi walipatia saa. Walipatia upande ambao mianga ilitokea na ule ilikotokomea, idadi yake kwa kukadiria, ukimya wake na mwendo wake wa kunyooka. Walichokosea ni kila kitu kilichohusu umbo: ukubwa wa chombo, umbali wake kutoka walipo, na mwili ulioibeba ile mianga. Mwanaastronomia William Hartmann, aliyezichambua taarifa hizi kwa ajili ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioongozwa na mwanafizikia Edward Condon, aliona kwamba baadhi ya watu waliandika tu mianga waliyoiona, ilhali wengine waliifunga mianga hiyo kwenye kitu kimoja cheusi ambacho hakikuwepo. Hoja yangu katika makala haya inaanzia hapo. Mtu anapotoa taarifa ya kitu asichokijua angani, taarifa yake ina sehemu mbili: nuru aliyopewa na mbingu, na chombo alichoongezewa na akili yake bila yeye kujua. Sehemu ya kwanza inastahili kusikilizwa kwa makini na kuandikwa. Sehemu ya pili haiwezi kuwa ushahidi wa kitu chochote, hata aliyeitoa awe mwaminifu kiasi gani.

Atakayepinga mara moja ni yule anayesema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho yetu yaliumbwa kwa kazi za ardhini. Tunapima umbali kwa kulinganisha picha za macho mawili, na njia hiyo huishiwa nguvu kitu kikiwa mbali kidogo tu. Zaidi ya hapo tunategemea vitu tunavyovijua ukubwa wake: mnazi, nyumba, ng'ombe, mtu aliyesimama kando ya njia. Usiku, mwanga mmoja katika mbingu nyeusi hauna jirani wa kulinganishwa naye. Taa ndogo iliyo mita 200 kutoka ulipo na moto mkubwa ulio kilomita 200 huweza kutua jichoni kwa ukubwa na mng'ao uleule, na jicho halina njia ya kuvitofautisha. Akili, ambayo haipendi kubaki bila jibu, huchagua umbali mmoja. Ikishachagua, ukubwa na kasi hufuata vyenyewe, na mtu huhisi kwamba ameviona. Hapo ndipo mwanga uliokuwa ukiungua nje ya anga ya jimbo lako zima unageuka kuwa chombo kilichopita juu ya paa la jirani.

Kwamba umbo hutoka kwetu kunaonekana waziwazi mtu akifuatilia historia. Kati ya Novemba 1896 na majira ya kuchipua ya 1897, magazeti ya Marekani yalijaa habari za vyombo vya angani vyenye taa kali, umbo la sigara, vilivyosemekana kuendeshwa na wavumbuzi wa siri. Baadhi ya watu walidai hata kuzungumza na marubani. Wakati ule hapakuwa na mtu nchini humo mwenye chombo kiwezacho safari kama zile, lakini kila msomaji wa gazeti alikuwa akisubiri kivumbuliwe. Mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya vita kwisha, watu wa Sweden walitoa taarifa zipatazo 2,000 za vitu vilivyopita angani, na walichoona wao ni roketi. Ulaya ilikuwa imetoka kupigwa na roketi za V-2 za Wajerumani, na hofu ya kila mtu ilikuwa kwamba Warusi wamezirithi. Mwaka uliofuata, Marekani, zikaja sahani.

Habari ya sahani inafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu imeota mizizi mirefu kuliko zote. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold, akiwa katika ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi kubwa. Alipowaeleza waandishi, alisema vilikwenda kwa kurukaruka kama sahani iliyotupwa juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Mchoro aliolipatia jeshi la anga unaonyesha kitu kilichoviringa mbele na kuchongoka nyuma, karibu na kisigino cha kiatu kuliko sahani. Lakini magazeti yaliandika sahani zinazoruka, na ndani ya majuma machache mamia ya watu kote nchini wakawa wanaona sahani. Tujiulize kwa utulivu: kama hivi vilikuwa vyombo vya wageni kutoka sayari nyingine, ilikuwaje vikaja na umbo lililotokana na kosa la mhariri? Jibu ambalo halihitaji muujiza ni kwamba mbingu iliendelea kutoa mianga ileile ya siku zote, na gazeti likawapa watu umbo la kuijazia.

Jambo hili halikuishia zamani. Kuanzia katikati ya Novemba 2024, watu wa jimbo la New Jersey walianza kuripoti makundi ya droni kubwa zikizunguka usiku. Sasa umbo lilikuwa droni, kwa kuwa vita vya Ukraine vilikuwa vimezionyesha kila siku kwenye televisheni. Shirika la upelelezi la FBI lilipokea taarifa zaidi ya 5,000, na katika hizo ni kama 100 tu zilizoonekana kuhitaji kufuatiliwa. Tamko la pamoja la taasisi za serikali la tarehe 16 Desemba lilisema vilivyoonekana ni mchanganyiko wa droni halali, ndege za kawaida, helikopta, na nyota zilizodhaniwa kuwa droni. Larry Hogan, aliyewahi kuwa gavana wa Maryland, alisambaza video ya droni zilizokuwa juu ya makazi yake, na watazamaji wakatambua humo nyota za kundi la Jabari, zilezile ambazo mabaharia wamezitumia tangu jadi. Simtaji ili achekwe. Alikuwa mtu mzima, mwenye uzoefu wa uongozi, aliyetazama juu akiwa tayari ameambiwa kuna kitu gani huko.

Katika Afrika Mashariki, neno letu kimondo limebeba historia ya namna hiyo. Wakazi wa Pwani waliolelewa katika mafunzo ya Kiislamu walikijua kimondo kuwa kinga ya mbingu inayowatwanga mashetani wanaojaribu kusikiliza siri za juu. Mkoani Songwe, Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10, kilijulikana na wenyeji vizazi kwa vizazi kabla ya kutambuliwa na wataalamu miaka ya 1930. Kila jamii imeipokea nuru ya angani kwa lugha iliyokuwa nayo, na sioni aibu katika hilo. Aibu ingekuwa kudhani kwamba sisi wa leo, kwa kuwa tunasema droni au wageni wa sayari nyingine, tumeacha kufanya kile walichofanya wazee wetu.

Basi hiyo nuru yenyewe hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye sayari ya Zuhura, inayopita kila nyota kwa mng'ao na kuonekana magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza. Kwa kuwa iko mbali mno, haionekani kuachwa nyuma mtu akiwa safarini. Miti na nguzo hupita, yenyewe ikabaki pale pale dirishani, na abiria akaapa kwamba inalifuata basi. Nyota angavu iliyo chini karibu na upeo nayo hupitisha nuru yake katika hewa nene inayotikisika, ikamemeta nyekundu, kijani na buluu kana kwamba ina taa zinazowaka na kuzima. Tangu Mei 2019 limeongezeka jambo jipya: setilaiti za Starlink hurushwa kwa makumi kwa mara moja, na siku za mwanzo, kabla hazijatawanyika, hupita zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Watu huuliza zinawakaje wakati hazina taa. Huku chini giza limeshaingia, lakini huko juu, kilomita mamia kadhaa, jua bado linazipiga. Hali hiyohiyo iliwachanganya marubani wa Marekani miaka ya 1950, pale ndege ya upelelezi ya U-2 ilipopita zaidi ya futi 60,000 juu, ikimetameta kwa jua lililokwisha kuzama kwa kila mtu aliyekuwa chini yake.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu la kina ni la wingi wa mashahidi. Mmoja anaweza kukosea, lakini watakoseaje 60? Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alilijaribu jambo hili mwaka 1935. Aliwaweka watu katika chumba chenye giza totoro na kuwaonyesha nukta moja ya mwanga isiyosogea hata kidogo. Nukta ya namna hiyo huonekana kutembea, kwa kuwa jicho lenyewe husogea na halina kitu cha kujishikiza. Kila mtu alipokuwa peke yake alitaja umbali wake mwenyewe. Walipowekwa pamoja na kusikia majibu ya wenzao, makadirio yao yalisogeleana mpaka yakawa karibu kulingana, na mtu aliyejaribiwa baadaye akiwa peke yake aliendelea na kipimo cha kundi. Mwanga ulikuwa umetulia muda wote. Kwa hiyo mashahidi waliokwisha kuzungumza wao kwa wao hawahesabiki kama mashahidi wengi. Idadi ina nguvu pale tu kila mmoja anapoandika kabla hajamsikia mwenzake.

Tukio lililo karibu nasi zaidi, na gumu kuliko mengi, ni la Ruwa, nje kidogo ya Harare. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1994, mabaki ya roketi ya Kirusi iliyorusha setilaiti ya Cosmos 2290 yaliungua juu ya kusini mwa Afrika, na watu kutoka Zimbabwe na nchi jirani waliona msafara wa moto. Habari za vyombo vya ajabu zikaenea. Siku mbili baadaye, tarehe 16, wakati wa mapumziko ya asubuhi katika shule ya Ariel, walimu wakiwa mkutanoni, watoto 62 walisema wameona kitu kinachong'aa kimetua nje ya uwanja wao, na baadhi wakasema wameona viumbe wenye macho makubwa. Baadhi yao, ambao sasa ni watu wazima, bado wanashikilia maneno yao. Mimi sisemi kwamba watoto hawa walitunga, wala sidai kwamba mabaki ya roketi ya usiku wa tarehe 14 yanaeleza walichoona mchana wa tarehe 16. Ninachosema ni kwamba mahojiano yalifanyika siku kadhaa baadaye, baada ya watoto kuzungumza mno wao kwa wao, tena mengine kwa makundi, na mtaalamu wa magonjwa ya akili John Mack wa Harvard alifika miezi miwili hivi baada ya tukio. Kilichotokea asubuhi ile kilikwisha kuchanganyika na kilichosemwa juu yake, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena.

Pingamizi la pili husema kwamba marubani na wanajeshi ni watu waliofunzwa. Wamefunzwa, ndiyo, lakini wamefunzwa kuokoa ndege. Rubani anayeona mwanga mbele yake anatakiwa aamue upesi kwamba ni kitu kigumu kilicho karibu, kwa sababu akikosea kwa kujihadhari hapotezi kitu, na akikosea upande wa pili anakufa. Mwanaastronomia J. Allen Hynek, aliyekuwa mshauri wa jeshi la anga kwa miaka mingi na baadaye akawa mtetezi mkubwa wa uchunguzi wa mambo haya, alipozihesabu taarifa mwenyewe alikiri kwamba marubani walikosea mara nyingi kuliko alivyotarajia. Tarehe 7 Januari 1948 Kapteni Thomas Mantell aliruka na ndege yake ya kivita huko Kentucky kukimbiza kitu kikubwa kilichong'aa juu yake. Alipanda mpaka mahali penye hewa nyembamba bila oksijeni, ndege ikaanguka, akafa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba alikuwa akilifuata puto la utafiti la Skyhook, la jeshi la wanamaji, ambalo lilikuwa siri na ambalo yeye hakuwahi kusikia habari zake. Puto lile lilikuwa juu sana kuliko alivyodhani, na ukubwa wake ulipita chochote alichowahi kukutana nacho angani. Alikuwa rubani hodari aliyepoteza maisha yake kwa kukosa jambo moja, kujua umbali.

Kisa cha Mantell kinatuingiza katika suala la siri za serikali, ambalo kwa wengi ndilo kiini. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na kweli serikali ya Marekani ilificha. Iliyaficha maputo ya Skyhook, ikaificha U-2, na ikaficha kwamba mabaki yaliyookotwa karibu na Roswell mwaka 1947 yanalingana na yale ya mradi wa Mogul, maputo yaliyobeba vinasa sauti vya kusikiliza milipuko ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti. Jambo hilo jeshi la anga lilikuja kulieleza mwaka 1994. Watu waliohisi kwamba wanadanganywa walihisi sawasawa, na hasira yao ni ya haki. Lakini kila mara pazia lilipofunguliwa, nyuma yake palikuwa na mali ya serikali hiyohiyo. Ofisi ya Pentagon inayochunguza mambo haya ilipitia kumbukumbu za tangu 1945, na ripoti yake ya Machi 2024 ikasema haikupata ushahidi wa teknolojia isiyo ya binadamu. Asiyeiamini serikali hatalazimika kuiamini hapa. Atazame tu kilichotoka kila siri ilipovuja.

Linabaki pingamizi lililo zito kuliko yote, na nashangaa halitajwi mara nyingi na wanaotilia shaka. Mradi wa jeshi la anga ulioitwa Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, ulikusanya taarifa 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo. Mtu anaweza kusema kwamba mabaki hayo ni uchafu tu, taarifa mbovu zisizo na data. Ila taasisi ya Battelle ilipozichambua taarifa 3,201 na kuchapisha matokeo mwaka 1955, iliona kinyume: taarifa zilizopewa daraja la juu la ubora zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha zisizojulikana kuliko zile dhaifu. Hilo linaonekana kuiangusha hoja yangu. Lakini turudi kwa wale watu watatu wa Tennessee. Kwa vipimo vya daraja, taarifa yao ilikuwa bora kabisa: mashahidi kadhaa, wenye elimu, wenye uhakika, na maelezo mengi hadi ya madirisha na ribiti. Ingekuwa hatujui habari za roketi ile, taarifa yao ingeingia daftarini kuwa ya daraja la kwanza na isiyoelezeka, kwa kuwa hakuna ndege, sayari wala kimondo chenye madirisha na ribiti. Maelezo mengi yaliyoongezwa na akili ndiyo hasa yanayozuia kitu kutambuliwa, na ndiyo hayohayo yanayoipa taarifa alama za juu. Ubora uliopimwa na Battelle ulikuwa wa masimulizi na wasimuliaji. Haukuwa wa vipimo.

Tofauti ya hayo mawili inaonekana wazi katika video moja iliyopigwa na ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani na kuzunguka dunia nzima tangu 2018, ile inayoitwa GoFast. Inaonyesha kidoa kikiruka kwa kasi ya kutisha juu tu ya maji ya bahari. Jopo huru lililoundwa na NASA, likiongozwa na mwanafizikia wa nyota David Spergel, lilichukua tarakimu zilizoandikwa kwenye kioo cha video hiyohiyo: urefu wa ndege kutoka baharini, pembe ya kamera, umbali hadi kwenye kitu. Kwa hesabu za pembetatu, za kiwango cha sekondari, ripoti yake ya Septemba 2023 ilionyesha kwamba kitu kilikuwa futi 13,000 juu ya maji na kilikwenda kwa wastani wa kilomita 64 kwa saa, mwendo ambao upepo wa juu unaweza kukipa kitu chochote kinachoelea. Kasi iliyoonekana ilikuwa ya ndege iliyobeba kamera. Mamilioni ya watu waliitazama video hiyo, jibu likiwa limeandikwa pembeni mwa kioo.

Wapo watakaosema kwamba wanasayansi nao wamewahi kudharau wanyonge na wakaumbuka, na hapa nakubaliana nao kwa moyo wote. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walikataa maneno ya wakulima waliosema mawe huanguka kutoka angani. Tarehe 26 Aprili 1803, mawe zaidi ya 3,000 yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa, na mwanafizikia kijana Jean-Baptiste Biot akatumwa. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akawahoji watu wa kila hali, akaweka kwenye ramani mahali kila jiwe lilipopatikana, na taarifa yake ikafunga ubishi. Marubani nao walieleza kwa miaka mimuliko ya ajabu juu ya mawingu ya radi bila kuaminiwa, mpaka mwaka 1989 kamera ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ilipoinasa. Katika bonde la Hessdalen, Norway, mianga imeonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo chenye kamera na vipimo kimewekwa huko tangu 1998, na wanaoifuatilia hawajakubaliana kuhusu chanzo chake. Biot aliwaamini wakulima katika mambo ambayo macho yanaweza kuyabeba: wapi, lini, kutoka upande upi. Kwa mengine yote alikuwa na mawe mkononi. Tarehe 30 Desemba 2024 wanakijiji wa Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, nao walikuwa na kitu cha kushika: pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500, iliyoanguka kutoka juu. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua na kusema kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Tukio hilo halikuhitaji mtu kumwamini mtu, kwa kuwa chuma kinapimika.

Roketi zinarushwa kwa wingi kuliko wakati wowote, na mabaki yake yanarudi juu ya vichwa vyetu kama yanavyorudi juu ya wengine, kwa hiyo taarifa za mianga zitaongezeka. Anayeona anaweza kuisaidia elimu kwa mambo madogo sana. Atazame saa. Ahesabu sekunde, kwa sababu kimondo humalizika kwa sekunde chache, mabaki ya roketi huweza kuwaka dakika nzima au zaidi, setilaiti huvuka kwa dakika kadhaa, na sayari hukaa saa nyingi. Anyooshe mkono na kupima kwa ngumi: ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni digrii 10 hivi, kwa hiyo ngumi tatu juu ya upeo upande wa kaskazini ni habari ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi hata miaka 20 baadaye, ilhali "kikubwa kama basi" si habari. Akipiga picha, aingize paa au mti ndani ya fremu. Na aandike kabla ya kumpigia jirani simu.

Kilichokosekana Ruwa ni hicho. Watoto wale hawakuhitaji watu wazima wa kuwaamini kila neno, wala wa kuwacheka. Walihitaji asubuhi ileile, kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, kila mmoja akalishwe peke yake na karatasi yake, na mtu mzima mmoja mpole amuulize alisimama wapi, alitazama upande gani, jua lilikuwa wapi, na kilidumu muda gani.